Gereji ya Gari Moja

Gereji yetu hapa Paysandú ilijengwa kwa gari moja,
na gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka sitini na saba,
rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai.
Sasa nimeleta la pili. Limelala nje, mvuani,
kama mke mdogo aliyeambiwa asubiri mlangoni.

Baba haulizi bei. Anaizunguka sedani,
chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha mate mkononi,
anagonga bampa kwa ukucha: "Plastiki."
Anafungua boneti: "Na huku nako wameifunika.
Injini inaona haya?"

Namwambia: Baba, ina miaka tisa tu.
Inakula lita saba kwa kilomita mia;
ile yako hunywa kama mlevi aliyelipiwa.
Hii ina mito sita ya hewa. Ile yako ilikuwa na wewe,
mkono wako wa kulia ukinizuia kifuani
kila ulipokanyaga breki, tangu nina miaka minne.

Kweli, Peugeot huugua hadharani.
Ikiwa na kiu hufoka mvuke,
gia yake ya kwenye usukani hulalama kabla ya kugoma,
na kwa bisibisi, waya na matusi mawili matatu
mtafika Salto kabla ya chakula cha mchana.
Hii nyingine hununa. Siku ya tatu
iliwasha taa moja ya manjano, ikanyamaza.
Fundi Wilmar akachomeka kompyuta, akatikisa kichwa,
akaandika bei.

Si hilo linaloniamsha usiku.
Chini ya kiti cha nyuma nilikuta kibanio cha nywele,
tikiti ya sinema ya mji nisioujua,
na mlangoni stika ya kobe, nusu imekwanguliwa,
kazi ya mtoto aliyeambiwa aache.
Kila nikiwasha, kioo kinauliza:
"Niunganishe simu ya Graciela?"
Graciela simjui. Najua tu kwamba ni mfupi,
kiti alikisogeza mbele kabisa,
na redio aliiacha juu.

Peugeot inatujua sisi peke yetu.
Tundu lile kitini ni sigara ya mama, siku ya matokeo yangu.
Harufu ile ni machungwa ya mwaka wa mafuriko,
magunia kumi na moja, nami juu yake.

Jumanne nilimpeleka kliniki ya macho kwa sedani.
Hakuna kilichogongana, hakuna kilicholia.
Alisema neno moja njia nzima: "Inateleza kama uongo."
Ila kwenye kona ya kiwanda cha bia
nikauona mkono wake umeukamata mlango,
pale pale mama alipokuwa akiukamata,
maana wa Peugeot, kwenye kona ile, hufunguka wenyewe.

Tulipofika, kioo kikamuaga Graciela.
"Huyo ni nani?" baba akauliza.
"Mwenye gari," nikamjibu.
Jina nimeliacha.