Bangili

Kwenye kitambaa cheupe alikuwa bubu.
Mdomo ulifunguka, maandishi yakaja,
na karani wa posta aliyekaa mstari wa mbele
akawasomea wasiojua kusoma, kwa kelele, akiongeza ya kwake.
Mimi nilikuwa gizani chini yake na kinanda,
pamoja na Yusuf wa tabla, mwenye kikohozi.
Akilia, nilimlilia kwa vidole.
Rupia kumi na mbili kwa mwezi.

Kwao Pernem jina lake Chandrabhaga.
Mama yake aliimba kwenye harusi za watu
wasiothubutu kumkaribisha aketi.
Studio ikamwita Malka Firdaus,
ikampaka unga hadi masikioni,
ikampandisha farasi mzee kuliko mwongozaji.
Alianguka mara mbili. Ya pili ndiyo iliyoonyeshwa.

Kisha filamu ikaota ulimi.
Warembo wa Baikala wakarudi kwenye taipureta zao,
Kiurdu kimewakwama kooni kama mwiba wa samaki.
Yusuf akaenda kwenye viwanda vya pamba.
Mimi nikauza kinanda, nikachana tiketi mlangoni.

Lakini yeye!
Maikrofoni waliificha kwenye chungu cha mrehani,
akainama kama anayenusa,
akaimba alichorithi kwa mama,
feni zote zimezimwa,
jasho likijichorea njia katika unga.
Usiku ule mikono ilinitetemeka.
Furaha au wivu? Hata leo sijui.

Miaka saba tu. Halafu wakagundua
kwamba sauti hukodishwa kama baiskeli.
Kibinti cha miaka kumi na mitano kikaimba nyuma ya kioo,
Malka akafungua mdomo mtupu.
"Damubua," aliniambia mlangoni,
"nimerudi pale uliponijua."

Filamu zake ziliuzwa kwa ratili,
zikachemshwa zitoe fedha (madini, si pesa,
ingawa pesa nayo ilitoka),
na utando uliobaki ukakatwa bangili.

Jana, sokoni Bhuleshwar, nilimkuta akichagua,
mvi amezibana kwa ua moja la manjano.
Akavaa sita za kijani, rangi ya walioolewa,
yeye ambaye hakuolewa na yeyote,
akazitikisa karibu na sikio langu.
"Unanisikia?"
Nilisikia mgongano mkavu, mwepesi,
kama kucha juu ya meza.

Muuzaji alitaka ana nne.
Akabishana naye mpaka mbili,
kwa sauti iliyogeuza shingo za soko zima.