Kucheua

Halkano alinifundisha kumjua mbuzi mgonjwa:
"Asiyecheua, huyo muache."
Akatema mate pembeni, akaendelea kunoa kisu,
na Kiamaiko nzima ikanuka damu na alfajiri.

Mimi huosha matumbo. Mwaka wa sita huu.
Najua chumba cha kwanza, chenye vinyweleo kama taulo,
na kile cha pili, sega la nyuki lisilo asali,
na kile chenye kurasa, tunachokiita kitabu.
Nyasi hushuka, hupanda, hutafunwa, hushuka tena.
Lakini hushuka.

Yangu haishuki.
Saa tisa usiku, ghorofa ya tano, Huruma,
jirani akizima redio, taya za kichwa zinaanza:
simu tatu za mama, Jumanne, saa tatu kasorobo,
mikono yangu imejaa mafuta,
nikasema nitampigia.
Ningepangusa. Aproni ilikuwepo.
Ningepangusa mikono.
Aproni ilikuwepo.

Ndinda, tuliyenyonya naye ziwa moja,
naye alipigiwa. Naye hakushika.
Alilia hadi kamasi, akafua mapazia,
akaenda Machakos kulipa deni la mbegu la marehemu,
akamsimulia kila aliyeuliza, hata muuza maji.
Siku nyingine huanguka kitandani na viatu.
Kesho yake huvivua.
Nikamwita mwepesi. Mimi nilidhani kuwaza ndiko kupenda,
kwamba nikiacha kutafuna
mama atakufa mara ya pili.

Ugali ukawa pamba. Kichwa sikukichana.
Mwezi wa tano, siku kumi na moja sikushuka ngazi.
Halkano alimtuma mwanawe na supu kwenye chupa ya chai,
hakuuliza kitu.

Muuguzi wa zahanati, Bi Nasambu,
kalamu mdomoni, aliuliza kidogo tu:
"Hayo mawazo, ukishayawaza, hukufikisha wapi?"
Nikafungua kinywa.
Usiku wote ule, miezi yote ile,
nilikuwa bado nimesimama kwenye lile beseni.

Sijapona. Mtu asinipigie vigelegele.
Jana tu, saa tisa, taya zilianza
na nikashika simu kabla hazijashika kasi.
Ndinda akapokea, sauti nzito ya usingizi: "Sema."
Nikasema: aproni. Nikasema yote, hadi kucha.
Akanyamaza, nikasikia kitanda chake kikilia.
"Mimi nilikuwa nasukwa nywele," akasema.
"Simu ilikuwa mapajani."