Daftari la Zizini

Bondeni Setesdal, Torgunn huandika sala
katika daftari la kondoo.
Kushoto: uzito, chanjo, namba za masikio.
Kulia, kwa penseli, maana wino huganda:

"Machi tisa. Bwana, arobaini na moja hatafuni.
Eivind naye hapigi simu."

Kondoo alipona, akawekewa alama ya vema.
Chini ya Eivind akaacha mstari mtupu.
Mwaka uliofuata, mwingine.

Usiku huu theluji imeziba mlango.
Anafunua nyuma, anahesabu mistari mitupu:
kumi na minne.
Hajaijaza kwa maneno yake.

Anachonga penseli kwa kisu cha kwato,
anapuliza vidole,
anaandika tarehe,
anaandika "Eivind,"
kisha anaruka mstari mmoja.

Huo ni wa Bwana.