Kulala Safarini

Duka la Sybren lina harufu ya mpira na kahawa.
Wietske anazunguka. Ile ya magurudumu mawili
ni nyepesi, ila kuianza kunataka ujana.
"Hii ya matatu haikuangushi hata ukisimama," Sybren anasema,
naye anaketi — la, analala,
miguu mbele, kama mtu aliye kwenye beseni la kuogea.

Miaka thelathini na mmoja alisambaza barua za Harlingen;
mgongo ndio uliolipia stempu.

Sasa, juu ya tuta la bahari,
upepo, mdai wake wa zamani,
unapita juu kwa juu ukimtafuta.
Kondoo wanamtazama jicho kwa jicho.
Kijana wa baiskeli ya mbio anacheka,
kisha anaachwa nyuma, kainama, anapambana.

Shingo haiumi. Viganja havina ganzi.
Kibendera cha rangi ya chungwa kinapepea kisogoni
ili wenye matrekta wajue kuna mtu huku chini.

Na kitu ambacho hakukitarajia:
mbingu.
Miaka yote ile alijua lami tu,
na namba za milango.

Jioni, kazi ni kuinuka.
Anashika fremu, anahesabu moja, mbili,
anabaki ameketi kidogo.