Wengineo

Miaka sita nikimsaka mbu mitaroni, Keko,
kwenye maji ya kijani na nepi zilizotupwa.
Leo Bi Siwatu ananipandisha ngazi
mpaka kwenye simtanki lake.
"Haya ya kunywa. Nimeyalipia."

Nachota kwa upawa mweupe:
viluwiluwi vinne,
vimelala bapa juu ya maji, kama wenye nyumba.

Fomu haina jina lao.
Naandika: wengineo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone —
huyu hakubisha hodi.
Alishuka na matairi, au upepo, sijui,
akaipita mitaro yetu yote
akachagua usafi.

Chini, mjukuu anatetemeka juani.
Bi Siwatu kashika mfuniko,
hafuniki, hamwagi.
Maji yanatoka Alhamisi.
Labda.