Chaneli ya Thelathini na Moja

Asubuhi nampaka Evert rangi:
nyekundu kwenye paji, buluu puani,
kijani kidevuni, kama bwana harusi wa mzaha.
Akiuangukia mfuko wa hewa, rangi itatuambia
alitangulia kwa wapi.
Ana mbavu za chuma, shingo ya mpira
iliyopimwa Jumatatu,
na ndani ya fuvu, pale ambapo mimi naweka wasiwasi,
vihisi vitatu, kila kimoja punje ya mahindi.

Nje, theluji ya Göteborg imeyalalia magari yetu,
yale ambayo hatuyagongeshi.
Humu ndani joto halizidi nyuzi ishirini na mbili, wala halishuki sana:
mbavu zikipoa huwa kaidi,
na zikikaidi husema uongo.

Nauinua mkono wake, nauacha hewani.
Unabaki. Naugusa kwa kidole,
unashuka taratibu, kama mtu aliyekubali.
Ndivyo kiungo kinavyotakiwa kukazwa:
kijibebe chenyewe, kisibebe zaidi.
Kuna siku natamani fundi wa kunikaza mimi hivyo.

Melker anasoma orodha, mimi naitika.
Kifua? Ipo. Paja la kushoto? Ipo.
Chaneli themanini na nne, nyaya
zinamtoka Evert mgongoni kama mkia wa farasi.
Simu inatetemeka mfukoni. Wodi ya mama.
Naizima. Nakaza skrubu mbili za mwisho.

Kisha taa, nyeupe hata vivuli vinakosa pa kukaa.
King'ora.
Gari linavutwa na kamba iliyo chini ya sakafu,
kilomita hamsini na sita kwa saa, bila dereva wa kujuta,
na ukuta haupigi hata hatua moja kulipokea.

Waliosema haraka haina baraka
hawakuujua mfuko huu.
Milisekunde kumi na mbili: kihisi cha mbele kinauliza,
huu ni mgongano, au ni shimo tu la barabara?
Hakuna wa kushauriana naye.
Arobaini: baruti imeshasema, kitambaa kimejaa.
Sitini: paji jekundu. Sitini na tatu: pua.
Mia na hamsini, yamekwisha,
na jicho langu, lililoanza kupepesa pale mwanzo,
bado liko njiani kufumbuka.

Panabaki harufu ya moshi, unga mweupe,
na namba.

Tunakunywa kahawa, tunakula maandazi ya iliki,
Melker anafungua grafu.
Chaneli ya thelathini na moja, kichwa, mhimili wa wima:
kila mlima ni bonde.
Kichwa cha Evert, inadai, kilikwenda kinyume cha Evert.
Anacheka. "Kihisi kimefungwa kichwa chini miguu juu, Gunvor.
Nazidisha kwa hasi moja, basi. Nani atajua?"

Ni kweli. Hasi moja ni kistari tu,
kifupi kuliko ukope.
Lakini mahali fulani kuna mtu mwenye shingo
ambayo hakuna aliyeipima Jumatatu,
anaendesha kwenda kazini, mkono mmoja kwenye usukani,
akiamini kwamba mlima wetu ulikuwa mlima.

Nashuka. Namfungua Evert fuvu, skrubu nne.
Mshale mdogo uliochongwa ubavuni mwa kihisi
unaelekea huko usikotakiwa.
Mkono uliokifunga ni huu,
saa mbili na dakika kumi, simu ikitetemeka.

Naandika kwa kalamu:
*Chaneli 31 ilifungwa kinyume. Kosa la G. Hedlind.
Imesahihishwa baada ya kuthibitishwa kwa macho.*
Melker hasemi kitu. Anaisukuma upande wangu
sahani yenye andazi la mwisho.

Kisha natoka kwenye theluji, nampigia nesi.
Mama amekula nusu ya uji, anasema,
ameniulizia, anapumua vizuri.
"Vizuri ni ngapi kwa dakika?"
Kimya kidogo. Kurasa zinafunuliwa.
Ananisomea namba, mimi naziandika kiganjani.