Wawili Wawili

Simu niliishika mimi.
Nyuma yangu bunduki zimejipanga, mnyororo mmoja umezipitia zote,
na dirishani theluji ya kwanza ya Oktoba
inaionja ardhi ya Montana, haijaamua kukaa.

Mbele ya kaunta, Dale Hutchins,
kofia mkononi kama aliyekuja kuposa.
Mbweha wa nyika wameshamla kondoo wa tisa,
na bunduki ya marehemu baba yake imepasuka kitako.
Alijaza fomu kwa herufi kubwa, polepole,
ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.
Amewahi kutiwa hatiani? Hapana.
Anaikimbia sheria? Hapana.
Hapana, hapana, mpaka chini kabisa, akatia sahihi.

Nikamsomea mwanamke wa upande wa pili
jina, siku, mwezi, mwaka.
Nilisikia vidole vyake vikidonoa kama kuku,
kisha kimya.
Kisha neno moja.

Nimemjua Dale miaka thelathini na mmoja.
Ndiye aliyeukata mti ulioliangukia banda letu
akakataa hata kahawa.
Nilimpakata bintiye siku ya ubatizo, akanikojolea gauni.
Haya yote hayana kisanduku kwenye fomu.
"Umekataliwa," nilimwambia, na sauti yangu
ilitoka kama ya yule mwanamke.

Kumbe yuko Dale Hutchins mwingine,
wa Toledo, Ohio, kazaliwa siku ileile,
aliyemvunja mtu taya kwa spana ya magurudumu
akaitumikia miaka minne.
Duniani wawili wawili.
Mtu na somo wake hupeana zawadi;
huyu kampa mwenzake kifungo,
bila salamu, bila hata kumjua.

Nitasema kweli, maana hakuna anayeniuliza:
kwa muda wa kupepesa jicho
niliitazama mikono yake.
Niliipima.
Naye aliniona ninavyoipima.

Jumapili, kanisani, benchi lake
lilikuwa na nafasi kuliko kawaida.

Wakamtaka apeleke alama za vidole.
Sherifu akampaka wino, akavibana kwenye kadi
kimoja kimoja, na kadi ikatoka na mawingu matupu.
Miaka hamsini ya sufu na seng'enge
imevilamba vile vidole
hadi vimelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki.
"Huna alama," sherifu alisema, akasugua wino kwa kitambaa.
Aliyekuja kuthibitisha kwamba yeye ni yeye
akaambiwa si yeyote.
Ilikuwa mara ya tatu
ndipo kidole gumba cha kushoto, chenye kovu la mkasi wa manyoya,
kilipokubali kusema.

Barua ilifika Machi, kondoo kumi na saba baadaye.
Ndani mna tarakimu, azitaje kila anaponunua,
asije akachanganywa tena.
Alikuja nazo kwenye kikaratasi, kakiweka ndani ya kofia
mahali wengine huweka picha ya mke.
Nikapiga simu. Nikazisoma. Vidole vikadonoa.
"Endelea," sauti ikasema.
Hivyo tu. Samahani haikuwamo.

Nikamfungia risasi kwenye mfuko wa karatasi,
nikahesabu chenji mara mbili ili nisimtazame usoni.
Akafika mlangoni, akashika kitasa, hakutoka.

"Marlene," akasema, "yule wa Toledo,
akienda kuomba kazi,
wanamuuliza habari za kondoo wangu?"

Nilicheka.
Yeye alikuwa anauliza.